Barua za Wakulima wa Mwani

Jumatatu asubuhi Nadhira, fundi wa kompyuta, alimaliza kazi aliyokuwa akiiahirisha mwezi mzima: kuhamishia orodha ya barua pepe ambayo kwayo wakulima wa mwani wa Uroa huandikiana kwenye programu mpya. Barua mpya zilipita vizuri. Za zamani, za miaka sita, ndizo zilizokataa kufunguka, na wanachama wakaanza kulalamika. Basi akaongeza mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva, uielekeze moja kwa moja kwenye folda ya barua. Zikafunguka. Alijiambia atapanga vizuri baadaye.

Alhamisi mchana, akiwa kwake Kiembe Samaki, mjini, akapigiwa simu na Bi Mwanakheri, katibu wa wakulima.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba. Zile barua zetu, nani anazisoma?"

"Wanachama tu. Lazima mtu aweke neno la siri."

"Wamekuja wanaume wawili kwangu. Wamesalimu vizuri, wamekaa barazani, kisha wakanisomea maneno yangu mwenyewe kwenye karatasi. Yale ya vigingi vya mpaka, kwamba watu wa hoteli wamevisogeza hadi kwenye mwani wetu na mwenzetu Mwanamwema kawaona. Wakaniuliza Mwanamwema anakaa wapi."

"Ukawambia?"

"Sikuwambia. Lakini wameondoka kuelekea huko huko kwake."

Nadhira aliifungua anwani ya folda ya barua mtandaoni kama mgeni, bila neno la siri. Zote zikaja. Neno la siri lilikuwa likiulizwa na programu, na ule mstari wake ulikuwa umeiruka programu. Seva ilimpa kila aliyeomba.

Akaufuta mstari ule, akaiwasha upya seva, kisha akasoma kumbukumbu za seva, zinazoonyesha nani ameomba nini na lini. Jumanne, mtu mmoja alikuwa amezichukua barua zote kwa dakika kumi na moja. Jumatano alirudi, akachukua saba tu. Nadhira alizifungua moja moja. Kila moja ilikuwa na jina la Mwanamwema.

Alipokuwa bado anatazama, mstari mpya ukaongezeka chini ya kumbukumbu. Mtu yule yule alikuwa anaomba tena, sasa hivi, na seva inamkatalia. Akaomba tena. Na tena.

Akampigia Bi Mwanakheri. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeziacha wazi. Nshafunga."

Bi Mwanakheri akamwuliza, "Umefunga nini sasa, mwanangu?"

Nadhira alifika Uroa alasiri. Nyumba ya Mwanamwema ilikuwa na kufuli, na mwani mbichi umeachwa kwenye gunia, haujaanikwa. Jirani alisema ameondoka na wageni wawili, kwa gari. Nadhira na Bi Mwanakheri wakamngoja kizingitini.

Mwanamwema alirudi kabla ya magharibi, peke yake, kwa miguu. Hakuwa na jeraha lolote. Nadhira akaanza kumwomba radhi, lakini Mwanamwema alikuwa akihangaika na ufunguo.

"Mimi sikuona mtu akisogeza kigingi," alisema, bila kuwatazama. "Na jina langu nitoeni kwenye orodha yenu."

Akaingia ndani, wakasikia komeo likifungwa.