Mitungi Kumi na Miwili ya Shangazi Ziada

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza, lakini siku ile nilijifanya najua. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo, na mkufunzi alituambia mteja hanunui kitu, ananunua hadithi. Nikarudi Newala kichwa kimenivimba. Shangazi Ziada, mfinyanzi wa mwisho katika ukoo wetu, alikuwa amekwisha kusema kwamba mitungi hii kumi na miwili ikirudi bila kuuzwa kutoka soko la Masasi, hafinyangi tena. Watu wana ndoo na mafriji. Nikamwomba kazi ya kuongea aniachie mimi.

Jumamosi tukaipanga mitungi juu ya majani makavu, na kila aliyesimama nikamsimulia jinsi bibi yangu, siku ya kufa kwake, alivyokataa maji ya chupa akaomba ya mtungi, mtungi uliofinyangwa na Shangazi huyu huyu. Nilisimulia vizuri, sitajinyima sifa. Watu walisikiliza, wengine machozi yakawalenga. Kisha wakauweka mtungi chini polepole, wakaenda zao. Hadi adhuhuri hatukuuza hata mmoja, na Shangazi alikuwa ametazama pembeni tangu asubuhi.

Mama Isaka, muuza samaki wakavu wa meza ya jirani, ndiye aliyenihurumia.

"Mwanangu Anifa, mtungi wa marehemu si tunauvunjia kaburini? Wewe unauza msiba. Nani ataupeleka nyumbani kwake?"

Nilikasirika, kwanza na yule mkufunzi, halafu na mimi mwenyewe, maana desturi hiyo naijua. Vigae nimeviona makaburini tangu utotoni. Lakini swali likaanza kuniwasha. Kama wana ndoo na mafriji, kwa nini wanasimama? Kwa nini kila mmoja anauinua mtungi, anaugonga kwa kidole, anauchungulia? Walikuwa wanatafuta nini mle ndani?

Akaja Mama Regina, mwalimu wa shule kutoka Chiwata. Safari hii nilimwamkia tu, kisha nikamuuliza anatafuta nini. Alicheka kidogo. Alisema utotoni alikuwa akipelekwa likizo kwa mama yake mkubwa huku kwetu Newala, enzi ambazo maji yalipandishwa kichwani kutoka bondeni, na bado mgeni ndiye aliyepewa kata ya kwanza, hata kama mtungini imebaki kata moja. Siku hizi, nyumbani kwake, mgeni hupewa chupa kutoka kwenye friji. Anaipokea, anaaga, anaondoka nayo.

"Kata huondoki nayo," alisema. "Lazima ukae umalize. Mimi nataka mtu akija kwangu akae."

Shangazi akageuka. Alichota kata kutoka kwenye mtungi wetu wa maji ya kunywa, akampa kwa mikono miwili. Mama Regina aliketi kwenye kigoda chetu, akanywa, akasimulia habari za mama yake mkubwa nusu saa nzima. Wapita njia wakasogea. Kila aliyesogea alipewa kata, nami nikamuuliza, na kila mmoja alikuwa na mgeni wake wa kumkumbuka. Kufikia alasiri ilibaki mitungi miwili.

Tulipokuwa tunapanda kurudi Newala nilingoja sifa zangu.

"Ile habari ya mama yangu," Shangazi alisema, "hukuniuliza."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba radhi, naye akaitikia kwa kichwa. Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Siku Bibi alipofariki mimi nilikuwa uani, sikujua yaliyotokea chumbani, nikamuuliza Bibi alisema nini alipokunywa.

Shangazi aliuweka sawa mtungi mmoja kati ya ile miwili.

"Hakunywa. Chumba kilikuwa kimejaa majirani waliokuja kumjulia hali. Aliisukuma kata, akasema, anzeni na wageni."

Akajifuta macho kwa pindo la khanga. Kisha akaniambia Jumatatu niamke mapema tukachimbe, udongo umekwisha.