Kyubu Saba Uvunguni

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama anasema nilizaliwa nikimkodolea mkunga macho kana kwamba ameninyang'anya kitu, na sina hoja ya kumpinga. Kwa hiyo nilipofika mwaka wa pili wa uhandisi wa ujenzi na kuanza kutafuta kibarua cha saa za mchana, kila aliyenishauri nilimtazama kwa jicho la pembeni. Shangazi alitaka nikae kwenye duka lake la vitambaa. Malipo mazuri, hatua kumi kutoka chumbani kwangu, na chai ya bure.

"Vitambaa vitanisaidia nini nikimaliza chuo, shangazi?"

"Vitakuvisha," akasema, akacheka peke yake.

Mhadhiri wetu alikuwa na maneno mengine. Alisema waajiri hawatazami alama tu, wanatazama ulikopita, na barua moja ya sifa kutoka maabara inayopima zege ingeninyanyua juu ya rundo zima la maombi. Siku tatu baadaye nikapata nafasi kwenye maabara kama hiyo, tena bila usaili wa maana. Mwenye maabara, ambaye kila mtu alimwita Mhandisi, alitazama kitambulisho changu, akaniuliza kama nina mwandiko mzuri, akanipa koti jeupe. Nilipaswa kushuku pale pale. Lakini koti lilinikaa, jamani, nikajisahau.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Zege likimwagwa kwenye jengo, tunachota kidogo na kulijaza kwenye visanduku vya chuma, na kesho yake tunatoa vitofali vyenye pande sawa, vinavyoitwa kyubu. Kila kyubu ina kilo nane na alama iliyochorwa kwa msumari. Zinalala ndani ya tangi la maji siku ishirini na nane, kisha zinawekwa kwenye mashine inayozibana mpaka zipasuke. Mashine ndiyo inayosema zege lina nguvu kiasi gani. Aliyevunja anatia saini kwenye fomu, Mhandisi anatia ya kwake, na jengo linaruhusiwa kupanda.

Aliyekuwa akivunja ni mwanamke wa miaka hamsini hivi tuliyemwita Mama Tangi. Alikuwa pale miaka kumi na tisa na hakunipenda hata chembe. Salamu yangu aliijibu akiwa ameshanipa mgongo. Nikisogea mashineni, alifunika daftari lake kwa kiganja.

"Nifundishe basi, mama," nikamwambia siku moja.

"Nikufundishe nini? Muulize aliyekuleta."

Wiki ya kwanza tulikwenda kwenye hospitali ya wazazi iliyokuwa ikijengwa, ghorofa tatu. Nilijaza visanduku sita kwa mikono yangu mwenyewe. Kokoto zao zilikuwa za kupondwa, nyeusi, zenye ncha kali. Nilipoinua kichwa nikamwona Mama Tangi amejiinamia pembeni anajaza cha saba, ambacho hakikuwa kwenye orodha. Kesho yake kyubu ile ya saba aliiviringisha taulo, akaitia kwenye kikapu chake, akaondoka akitembea upande kwa uzito. Mtu mzima anaiba jiwe!

Basi sikulala vizuri tena. Nilijiambia anazibadilisha, anawauzia wajenzi kyubu nzuri wazilete badala ya zao mbovu. Wiki ya nne, alasiri moja, nikamfuata, nikiwa nimevua koti. Alikaa chumba kimoja, mtaa wa tatu kutoka maabara, na mlango aliuacha wazi kwa ajili ya joto. Nikamwona anapiga magoti na kusukuma kitu uvunguni. Alipoingia uani nikachungulia. Zilikuwa kyubu saba, zimepangwa ukutani vizuri, na zote zina alama ya hospitali ile.

Ningependa kusema niliwafikiria kina mama watakaojifungulia mle. Uongo. Niliifikiria barua yangu. Nikaenda moja kwa moja kwa Mhandisi.

Alinisikiliza bila kushtuka. Alichouliza ni nyumba ipi, na kitanda kiko upande gani. Nikamwambia upande wa kulia ukiingia, na nikaona fahari kwa kuwa na jibu. Kesho yake saa sita mchana Mama Tangi alikuwa ameshafukuzwa, anatoa kandambili zake kabatini.

"Hongera, binti," akaniambia akipita.

"Barua yako nitaiandika mwenyewe," Mhandisi akasema. "Na kuanzia leo anayevunja ni wewe. Mwanafunzi gani wa mwaka wa pili anapata nafasi hii?"

Siku ya ishirini na nane nikazitoa kyubu za hospitali tangini. Ya kwanza ikabanwa, ikalia, ikapasuka, na namba ikatoka nzuri ajabu. Nikainama kukusanya vipande, na hapo ndipo nilipoona kokoto zilizomwagika. Zilikuwa za mviringo, laini, za kijivu, kokoto za mtoni. Nikaokota kipande chenye alama. Alama ilikuwa ya hospitali na tarehe ilikuwa ileile, lakini mimi sikuwahi kuweka kokoto za mtoni mle. Nikavunja ya pili na ya tatu, zikawa hivyo hivyo: mtu alikuwa amezibadilisha.

Mhandisi akaja na jalada mkononi, mchangamfu.

"Saini hapa. Na fomu hizi sita za zamani pia, zilisahaulika."

Nikazitazama. Zote sita zilikuwa za hospitali hiyohiyo, za misingi na ghorofa ya chini, na zote zina saini yake. Mstari wa aliyevunja ulikuwa mtupu, miezi sita mizima. Mama Tangi hakusahau. Mama Tangi alikataa, na ndiyo maana nilitafutwa mimi mwenye mwandiko mzuri.

"Naomba nikazijaze vizuri nyumbani," nikasema. "Hapa nitachafua."

Akacheka. "Chukua. Wewe ndiye mtu wangu. Kesho asubuhi lete, uje kuchukua barua yako."

Nilikwenda mbio mpaka kwa Mama Tangi. Mlango ulikuwa umefungwa safari hii, nikabisha. Alipofungua nikaona kitanda kimevutwa katikati ya chumba, na sakafuni miraba saba safi katikati ya vumbi.

"Walikuja jana wanaume wawili na toroli," akasema. "Hawakupekua popote. Walikwenda kitandani moja kwa moja."

"Zilikuwa kyubu za kweli?"

"Moja kwa kila zege lililomwagwa. Ilibaki ya mwisho itimize siku zake, nizipeleke zote zikavunjwe kwingine mbele ya watu."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nikuambie wewe? Yeye ndiye aliyekuleta. Tena ukanifuata mpaka mlangoni, ukadhani sikukuona."

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto. Nikazitoa fomu zote saba na kumpa.

"Sitasaini. Hata barua siitaki tena. Wapelekee hizi hao uliotaka washuhudie."

Alizipokea kwa ncha za vidole. Akazipeleka dirishani, akaigeuza kila moja mbele na nyuma, akapapasa mstari mtupu kwa kidole gumba kama anayetafuta alama ya kalamu.

"Na zile ulizomsainia?"

"Sijasaini hata moja, mama. Ndizo hizi tu."

"Amekutuma uniulize kama nimebakiza kyubu?"

"Hapana! Naapa."

Nikaapa tena, kwa mama yangu, kwa macho yangu mawili. Nikamweleza habari za kokoto za mtoni, maneno yakinitoka ovyo ovyo kama ya mtu anayetunga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazikunja fomu, akazitia kifuani, akasema "Sawa" kwa sauti ile ninayoitumia mimi ninapokuwa siamini hata neno moja, akafunga mlango, na nikasikia akisukuma komeo.