Watu Mia na Kumi na Saba Hawakuupenda Wali

Mimi ni mpishi wa shughuli. Si mama lishe na wala sina mgahawa. Mimi ndiye unayeniita ukioza binti, ukitahiri mtoto au ukifiwa. Kwa miaka ishirini na nane, kuanzia Kibiti mjini mpaka Mbuchi huko kwenye delta, masufuria ya kilo ishirini na tano yamepita mikononi mwangu mengi kuliko watoto walivyopita mikononi mwa mkunga. Sisemi hivi kwa majivuno. Labda kidogo.

Binti yangu Hafsa ni fundi simu hapa Kibiti. Mwaka jana alinifungulia chaneli kwenye mtandao wa video. Kila shughuli alikuja kunirekodi nikiosha mchele, nikitia ngumi zangu sita za chumvi, nikipalia makaa juu ya mfuniko. Chini ya kila video kuna dole la juu la aliyependa na dole la chini la asiyependa. La juu linaonyesha idadi, kila mtu anaiona. La chini halionyeshi kitu, kwa sababu wenye mtandao waliamua kuificha hesabu hiyo ili watu wasiaibishane. Nilipoelezwa nikasema hao nao wamelelewa, maana sisi huku tumefanya hivyo siku zote.

Ila mwenye chaneli anaiona. Iko kwenye ukurasa wake wa ndani, na wengi hawalijui hilo. Hafsa alinifundisha kuufungua, akanirudisha mara tatu mpaka nikaweza peke yangu. Nilimwambia sina haja nayo. Akasema, "Jua tu, mama."

Jumatatu moja baada ya adhuhuri nikaufungua. Video ya harusi ya Mbuchi, kwa mzee Amri, ilikuwa na madole ya juu arobaini na mawili. Ya chini yalikuwa mia na kumi na saba.

Nikaona simu imechafuka. Nikaifuta kwa upindo wa kanga, nikafungua upya. Mia na kumi na nane. Kuna mtu alikuwa amebonyeza wakati nafuta.

Wazo la kwanza lilikuwa hasadi, na nikaanza kuwapanga mahasidi wangu kwa majina. Lakini nikarudi nyuma kwenye video za zamani. Zile za kabla ya mwezi wa Mfungo Tatu zilikuwa na madole ya chini mawili, matatu, moja haina hata moja. Kuanzia Mfungo Tatu ilikuwa themanini, tisini na nne, mia na kitu. Hasidi hangoji mwezi uandame ndipo aanze kazi. Hawa walikuwa watu waliokula.

Na waliokula kwetu hawasemi. Ukialikwa shughuli unakula, unasema mashallah, unanawa, unamwombea dua mwenye shughuli, unaondoka. Ukikuta kandambili ndani ya wali unaisogeza pembeni ya sinia na kuendelea. Kumbe wageni wangu walikuwa wanarudi makwao, wanasubiri Hafsa aiweke video, kisha wanabonyeza kule wanakoamini hakuna jicho linalofika. Mia na kumi na nane, wote wenye adabu zao.

Hilo lingeniuma siku mbili likaisha, lakini wiki mbili mbele yangu kulikuwa na harusi ya Hafsa mwenyewe. Anaolewa na Saidy wa Ngorongo, na wakwe walikuwa wanakuja na mabasi mawili. Mwanangu wa pekee. Mwezi mmoja nyuma aliniambia, "Mama, siku hiyo ukae na wageni kama mama wa bibi harusi. Mwiko mwachie Bi Tabu." Nilicheka. Nilimwuliza kama ataolewa kwa wali wa mkono wa mtu mwingine na mimi niko hai. Nilidhani ananionea huruma kwa moshi.

Sasa nikaogopa, tena sana. Wakwe wa Ngorongo wangekula, wangesema mashallah mbele yangu, wangepanda mabasi yao. Halafu mwanangu angeishi nao maisha yake yote, na kila chakula kikiletwa mezani wangeukumbuka ule wali na wasiutaje.

Nikaenda kwa Tabu. Tumesimama naye kwenye masufuria miaka kumi na sita. Kama kuna mtu wa kunieleza ni yeye.

"Tabu, wali wangu siku hizi ukoje?"

"Mashallah, dada Zena! Mkono wako weye nani anao?"

"Niambie kweli."

"Nshakwambia. Mie napika na nani kama si weye?" Akainuka kunitengea chai, na chai hiyo aliitengeneza kwa muda mrefu sana.

Hapo lazima niseme jambo ambalo kwa mtu wa nje litakuwa la ajabu. Mimi sionji. Mpishi wa shughuli anayetumbukiza kidole kila saa watu wanamwona mwanagenzi. Mkono wake ndio mizani yake. Kula nako hakupo, kwa sababu moshi wa kuni unakushibisha na mgao wako unawapelekea majirani. Nyumbani anapika Hafsa. Kwa hiyo ilikuwa imepita miaka mingi, sijui mingapi, sijauweka mdomoni wali niliopika mwenyewe.

Alhamisi ile kulikuwa na khitma kwa Ismaily, na mpishi nilikuwa mimi. Tulipomaliza kupakua sikuondoka. Nilinawa, nikaingia uani kwa wanawake, nikajibana kwenye sinia. Nikafinya tonge, nikatia mdomoni.

Chumvi. Si chumvi ya kuzidi kidogo, ya kusema ongeza ndimu. Ulimi ulikunjamana. Niliwatazama wenzangu wa sinia, wakatazama wali. Ndipo nikaona kwamba kila mmoja alikuwa na chupa ya maji aliyokuja nayo kutoka kwake.

Mke wa Ismaily, Swaumu, akapita akiinama kwa wageni. "Bi Zena, leo umekula nasi! Vipi, mmekirimiwa?"

Nikameza. "Alhamdulillahi," nikasema, "tumekula vizuri sana, mashallah." Na nikaumaliza upande wangu wa sinia wote, kwa sababu alikuwa amesimama hapo.

Kutoka kwa Ismaily nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Jivanji, ambaye baba yake aliiuzia chumvi familia yangu kabla yake. Nikamwuliza amebadilisha nini.

"Mimi? Hapana, Mama Hafsa. Ile chumvi ya mawe ndiyo haiji tena, tangu Mfungo Tatu. Mimi nakupa hii ya pakiti. Laini, safi, nzuri zaidi. Sikukwambia?"

Alikuwa ameniambia. Nilimjibu kwamba chumvi ni chumvi.

Nikamwomba punje za zamani, akakomba chini ya gunia tupu. Nikakunja ngumi ya ile ya mawe, akaipima. Nikakunja ngumi ya ile laini, akaipima. Ile ya mawe ina nafasi kati ya punje na punje. Hii laini inajaza mpaka mikunjo ya kiganja. Jivanji aliitazama mizani, akanitazama, akasema mkono wangu ni mzuri sana. Nikamwambia naye asianze.

Nilimkuta Hafsa kibandani kwake, amefungua simu ya mtu vipande vipande. Sikukaa.

"Ulijua?"

Hakuuliza nini. "Ndiyo, mama."

"Nawe ulibonyeza chini?"

Aliweka bisibisi. "Nilikuwa wa kwanza. Kila video tangu Mfungo Tatu."

Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia nimemzaa, nimemlea kwa moshi ule ule, na amekaa katikati ya watu mia na kumi na nane kunisema mgongoni. Nilisema na mengine ambayo wateja wawili waliyasikia, wakaamua kuja kesho.

"Si mgongoni," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti haikubadilika. "Wao ndio walidhani huoni. Mie nilijua unaona. Ningekwambiaje usoni, mama? Nani amewahi kukwambia kitu usoni?"

Nilitafuta mtu mmoja wa kumtajia. Marehemu mume wangu hakuwahi. Nikamwuliza ile simu ni ya nani, akaniambia, nikaenda zangu nyumbani.

Siku ya harusi mwiko nilishika mimi. Tabu alisimama upande wa pili kama kawaida, na nilipotia ngumi tatu badala ya sita aliangalia juu ya miti. Kuni ziliwaka vizuri, wali ukakauka, makaa yakapaliwa. Mabasi ya Ngorongo yalikuwa yamekwisha kufika na nilisikia vigelegele upande wa barabara.

Nikapakua kidogo kwenye kisahani, nikapita katikati ya wageni waliokuwa wananisalimu, nikaingia chumba cha bibi harusi. Hafsa alikuwa amekaa kwenye jamvi, mikono imenyooshwa mbele, piko halijakauka, wanawake saba wamemzunguka. Nikapiga goti. Nikafinya tonge dogo, nikalipoza kwa pumzi, nikamtia mdomoni kama alipokuwa mtoto.

"Mashallah," wakasema wale wanawake, kabla hajatafuna.

Hafsa alitafuna taratibu. Akameza. Akanitazama usoni mbele yao wote.

"Haijakolea, mama."

Nilimbusu kwenye paji la uso, nikasimama, nikarudi jikoni kuongeza chumvi.