Uwanja Ndani ya Bakuli

Asubuhi ya Jumatatu Mwalimu Radhia alikunjua mkeka mdogo sakafuni, akaweka trei ya shanga, akamwita mtoto mmoja, Yosr, aje kufanya hesabu ya kutoa. Katika chekechea hii ya mji wa Sfax kutoa ni kazi ya mikono. Mtoto huzichukua shanga kwenye trei, huzitia bakulini, kisha husema kilichobaki.

Nje, uwanja ulikuwa umepungua tena. Kila likizo jirani yao Bwana Hedi, au Si Hedi kama wanavyomwita huko, mzee wa kishada cha asumini sikioni, huusogeza ukuta wake, na safari hii ukuta ulikuwa umemeza bembea na mlimau. Watoto walibanana mapumzikoni kama zeituni ndani ya chupa. Radhia alipokwenda kushtaki manispaa, aliambiwa njoo kesho, njoo kesho, mpaka karani akamwonea huruma: "Mwenye nguvu mpishe, dada."

Yosr alitoa. Shanga zilipotua bakulini ziligeuka bembea, mlimau na kipande cha uwanja na vumbi lake.

"Mwalimu, kilichotolewa hiki hapa."

"Na kilichobaki?"

Yosr alichungulia dirishani. "Kiduchu. Hata kukimbizana hakitoshi."

"Sawasawa," alisema Radhia, akampa kitambaa afute vumbi lililomwagikia mkekani.

Wakati wa mapumziko watoto walivua viatu, wakaingia bakulini kwa zamu. Walitoka wakihema, magoti yamechubuka, mifuko imejaa malimau. Radhia alifurahi mno, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaihakiki hesabu kama kawaida: akakirudisha kilichotolewa juu ya trei, pamoja na kilichobaki. Uwanja ukatimia, mzima, kwenye trei. Nje, ukuta haukusogea.

Adhuhuri Si Hedi alibisha hodi.

"Binti yangu, bembea iko kwangu, mlio wake nausikia kwenu. Vipi?"

"Iko kwako tangu lini, Si Hedi?"

"Aa, tusianze." Akapiga hatua kuingia.

"Wee babu!" Yosr alimkemea. "Huo mkeka una mwenyewe! Mkeka wa mtu haukanyagwi!"

Si Hedi aliona haya kwelikweli. Alivua makubadhi, akauzunguka mkeka kwa ncha za vidole, akishikilia ukuta wa darasa asije akayumba.

"Niwie radhi, bibie. Mimi sikulelewa kukanyaga vya watu."

Aliinama juu ya trei, akausifu mlimau. Ule wa kwake, alisema, tangu auzungushie ukuta haujazaa hata limau moja, na mkewe alikuwa anakaanga samaki. Yosr alimchumia mawili. Mzee alishukuru, akauzunguka tena mkeka kwa adabu ileile, akaenda zake.

Likizo iliyofuata aliusogeza ukuta hadi kwenye ngazi za mlango wa chekechea. Shule ilipofunguliwa, Radhia alipita sokoni kwanza, akanunua bakuli kubwa zaidi.