Shahidi wa Loisi

Ketrina alikuwa na mtungi wa pombe ya ulezi nyuma ya kihenge cha mahindi, na watu wa ibada walikuwa njiani kuja kwake.

Asimlaumu mtu. Kimea alikisaga kwa mikono yake mwenyewe. Mumewe Yonasi alikuwa Lupa mwaka wa pili sasa, akiwachimbia Wazungu dhahabu. Mibuni ilikuwa imemezwa na majani, na hapo Mbozi hakuna atakayekulimia shamba kwa kuambiwa asante tu. Majirani walikuwa waje Ijumaa na majembe yao, na jembe lilitaka kinywaji. Ibada ya Alhamisi ilikuwa zamu ya Mzee Nikodemo, ng'ambo ya bonde. Nani angejua kwamba upepo ungeezua paa la mzee asubuhi ile ile? Mzee akatuma neno: "Leo tutasomea kwa mama Mika." Mama Mika ndiye Ketrina mwenyewe, na aliyelileta neno hakungoja hata jibu lake.

Ketrina alifunika mtungi kwa ungo, juu ya ungo akaweka blanketi, juu ya blanketi jiwe. Kisha akatandika mikeka na kuvaa uso wa ibada.

Tena siku ile haikuwa ya kusoma tu. Ilikuwa siku ya Loisi. Mwaka uliopita Loisi alitengwa na Meza ya Bwana kwa ajili ya pombe, na aliyesimama kumsema mbele za watu alikuwa Ketrina huyu huyu, kwa sauti kubwa, akitaja hadi idadi ya vibuyu. Sasa Pasaka ilikuwa imekaribia. Sekela, binti wa Loisi, angeshiriki Meza kwa mara ya kwanza kule misheni, na mama alitaka kupiga magoti kando yake. Utaratibu wao ulikuwa kwamba anayerudi achague mtu wa kumshuhudia. Loisi, kati ya watu wote, akamchagua Ketrina.

"Uliniona nikianguka," alimwambia kisimani. "Basi useme pia kama nimesimama."

Ketrina alikubali, na akajiona mtu mwema sana.

Walikuja watu tisa. Loisi aliketi mlangoni, mahali pa waliotengwa, kitambaa cheupe kichwani. Mzee Nikodemo alisoma waraka wa Yakobo polepole, kidole juu ya mstari. Alikuwa hajamaliza sura wakati nyumba ilipoanza kunuka. Lile blanketi lilikuwa limeutia mtungi joto.

Mzee akaacha kusoma. Akavuta pumzi.

"Humu mna pombe."

Hakuna aliyetazama kihenge. Macho yote yalikwenda mlangoni.

"Loisi, mwanangu, umetoka wapi kabla ya kuja hapa?"

"Nyumbani, mzee. Sijaonja tangu siku ile."

"Mama Mika, wewe ndiye shahidi wake. Sema."

Ketrina alisimama. Neno la kusema alilijua, na lilikuwa fupi: ni yangu. Lakini alijiona yeye ndiye ameketi pale mlangoni, na watu wakitaja vibuyu vyake.

"Sijui, mzee," alisema. "Mimi siishi naye."

Loisi aliinamisha kichwa. Mzee alifunga kitabu, akasema jambo lile lingoje hadi Krismasi. Wakaimba, wakaondoka, na wengine walipita mbali kidogo na Loisi.

Loisi alibaki kukunja mikeka. Alipomaliza alikwenda moja kwa moja nyuma ya kihenge, akatua jiwe, akavua blanketi, akaurudisha ungo tu.

"Umeufunga sana, mama Mika. Ungepasuka."

Aibu ilimshika Ketrina mwili mzima. Hata mikono hakujua aiweke wapi.

"Kumbe ulijua?"

"Katika pua zote zilizokuwa humu, ipi ingejua kuliko yangu?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuchagua wewe useme," Loisi akajibu, akachukua upande wake wa kanga na kutoka.

Kesho yake wakulima walifika. Wanne kati yao walikuwa wa ibada, na Osea, aliyeimba kuliko wote jana, alikuja na jembe dogo na kiu kubwa. Aliyetangulia kufika shambani alikuwa Loisi. Alilima mistari miwili wengine wakiwa kwenye mmoja.

Mchana Ketrina alizungusha kibuyu. Kila mtu alikunywa, akapangusa mdomo. Alipofika kwa Loisi alimnyooshea kibuyu bila kumtazama.

"Mimi nipe maji," Loisi alisema kwa sauti yake ya kawaida, na wote walisikia. Osea akaanza kukagua mpini wa jembe lake.

Ketrina alishuka mtoni. Alijaza kata, akaimwaga, akaijaza tena. Kutoka pale njia moja ilirudi shambani, nyingine ilipanda kwa Mzee Nikodemo, na nyundo yake ilisikika akitengeneza paa. Alisema moyoni kwamba ataifuata ile ya pili, akifika atasema lile neno fupi, hata kama ni mbele ya mafundi. Miguu haikwenda. Alisimama pale na kata mkononi mpaka Loisi mwenyewe akaja kuyafuata maji.