Inchi Tatu za Kapiteni

Rustico Balmaceda hakuwa na wakala. Hakuwa na mjomba kwenye timu yoyote, hakuwa na shahada, wala shati rasmi la kuvaa siku ya uteuzi, timu zinapochagua wachezaji wapya. Zaidi ya yote, hakuwa na inchi tatu. Alikuwa na futi tano na inchi kumi, na mbio zilizokwisha kuwaumbua mabeki warefu wa mkoa mzima.

Upungufu wa inchi aliutibu Kapiteni Doroteo, mkuu wa mtaa wao, aliyejaza fomu ya ligi ya mpira wa kikapu kwa mkono wake: futi sita na inchi moja.

"Kapiteni, wataniona."

"Nchi nzima inajiongezea inchi, wewe ndiye uwe malaika? Leseni yangu inasema nina futi tano na nane. Nitazame!"

Rustico akainamisha shingo, akamtazama.

Wiki moja kabla ya uteuzi, bango likatundikwa uwanjani: HONGERA RUSTICO, FUTI 6 INCHI 1, FAHARI YETU! Uso wa Kapiteni ulijaza theluthi mbili ya bango. Wa Rustico ulikuwa pembeni, kama stempu. Uchaguzi wa mtaa ulikuwa Oktoba.

Uteuzi ulifanyika Manila, katika jumba la maduka, kati ya duka la viatu na la aiskrimu. Rustico alikaa ndani ya shati la Kapiteni, mikono ya shati ikimwishia karibu na viwiko. Raundi ya kwanza watu walishangilia. Kufika ya nne, timu zilisema tu, "Tunapita." Ya tano, ya mwisho, ikaisha. Jina lake halikuitwa.

Alipokuwa akishuka ngazi, Kocha Abrenica wa timu iliyoshika mkia alimshika bega.

"Wewe ndiye Balmaceda? Mbona mfupi hivi?"

"Samahani, Kocha."

"Samahani ya nini? Mwaka mzima natafuta kifupi chenye mbio! Karatasi ikasema sita na moja. Wa sita na moja ninao saba, wamenichosha. Tukakupita." Akashusha pumzi. "Niandikie barua kabla ya Ijumaa, uje mazoezini ujaribiwe. Sifa zako za kweli, unasikia?"

Nyumbani nguruwe wa sherehe alikwisha kuchomwa na kuliwa. Kapiteni alipoisikia habari ya barua, alichomoa kalamu.

"Tuandike sita na mbili. Bado unakua."

"Nina miaka ishirini na minne, Kapiteni. Anataka mfupi."

"Na bango langu je? Nichekwe mpaka Oktoba? Mama yako anauza uji wa wali pale uwanjani kwa hisani yangu, usisahau."

Aliyejibu ni mama yake, Pacing, bila kuacha kukoroga sufuria.

"Mkokoteni wangu una magurudumu, Kapiteni. Kaa ule uji, na umwachie mtoto kalamu."

Kapiteni akala uji.

Rustico aliandika: futi tano, inchi kumi, bila viatu. Bahasha haikuwa na gundi. Mama akachota punje za wali sufuriani. Akazisaga kwa kidole kwenye ukingo wa bahasha, akakandamiza mpaka ikashika. Rustico akapita chini ya bango bila haja ya kuinama, akaenda posta, akamkabidhi karani barua ikiwa bado na joto la wali.