Kilo za Mzee Othmani

Malori ya Othmani yalivuka mpaka wa Tunduma kila wiki, na hakuna hata moja lililowahi kuzimika njiani kwa kukosa mafuta. Ndiyo maana alipopewa lifti ya ndege ndogo ya mgodi, kutoka kiwanja cha vumbi karibu na Mkwajuni hadi Dodoma alikokwenda kumwozesha binti yake Fauzia, alimwagiza rubani kama anavyowaagiza madereva wake.

"Mwanangu, jaza tangi mpaka lifurike."

Rubani, dada mmoja aitwaye Judith, alicheka. "Hapa halijazwi, baba. Kiwanja kifupi, jua kali. Tukiwa wazito tutaivaa ile miti ya mwisho wa kiwanja." Akamweleza: mafuta ya kufika Dodoma, ya kukimbilia Iringa kama Dodoma kumefungwa na mvua, na akiba kidogo juu yake. "Uzito unaobaki ndio wako na mizigo. Una kilo ngapi?"

"Sabini na tano," alijibu Othmani bila kupepesa.

Judith alikitazama kile kitambi, akaagiza mizani ya kupimia mpunga. Othmani akapanda, akabana tumbo. Mshale ukapita mia moja. Wachimbaji waliokuja kushangaa ndege wakapiga kelele kama limefungwa goli.

"Ni hii kanzu," alisema Othmani.

"Pole yake. Basi gunia lako la mchele litabaki."

Mchele wa Kamsamba, wa harusi! "Punguza hayo mafuta ya Iringa. Mimi siendi Iringa!"

"Hata mimi siendi, baba. Ila mvua haituulizi."

Gunia likabaki. Othmani akapanda amenuna.

Walipoikaribia Dodoma, wingu jeusi lilikuwa limeulalia mji kama kuku aliyeatamia. Wakazunguka, wakazunguka tena. Othmani hakubandua macho kwenye geji ya mafuta.

"Mwanangu, Iringa ni mbali?"

"Mafuta ya kufika yapo."

"Na ile akiba?"

"Ipo."

"Usiiguse!"

Wakatua Iringa salama, wakangoja mpaka Dodoma ikafunguka. Othmani aliingia msikitini shekhe akipiga miayo, na bwana harusi ametota jasho akidhani mkwe amebadili nia. Akamshika mkono kijana, akamwozesha binti yake, machozi yakimlenga. Halafu akaomba aletewe chai, na kiti kisichotikisika.